Deni la ndege, kazi ya nyama na simu za kambini: yale tuliyoyapitia Iowa

Watu wengi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, bado wanaamini kwamba mkimbizi anayehamishiwa Marekani husafirishwa bure. Si bure. Kabla ya kuondoka unasaini karatasi ya deni la tiketi, na deni hilo linakufuata hadi kwenye sanduku la barua la nyumba utakayopangiwa. Halina riba, na malipo huanza kama miezi sita baada ya kufika, lakini kwa kaya ya watu sita kama yetu lilizidi dola 6,000. Nimeanza na deni kwa sababu ndiyo hesabu ya kwanza kati ya nyingi ambazo hatukuelezwa vya kutosha. Sababu ya pili ni kwamba nimeshuhudia ndoa mbili za watu ninaowapenda zikivunjika huku. Hazikuvunjwa na uzinzi wala ulevi. Zilivunjwa na mshahara: nani anaupata, nani anaupanga, nani kambini anatumiwa, na nani ndani ya nyumba bado anasikilizwa.

Mimi ni mzaliwa wa Baraka, Fizi, mashariki mwa Kongo. Mwaka 1996 vita ilipotufikia tulivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi wa injini nikiwa msichana mdogo, na tukapelekwa Nyarugusu, wilaya ya Kasulu, kambi ilipofunguliwa Novemba mwaka uleule. Nilisoma humo kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, nikaolewa humo, nikazaa humo. Ni maisha ya kutotoka nje ya kambi bila kibali na kutegemea mgawo wa unga, maharage, mafuta na chumvi. Nayasema haya ili msomaji aelewe kwamba hatukuja Marekani tukiwa na uzoefu wa mshahara. Mume wangu alikuwa fundi baiskeli, mimi niliuza dagaa na nyanya sokoni. Pesa ilikuwa ya siku ile.

Kesi yetu ya kuhamia Marekani ilikuwa sehemu ya mpango ambao UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, iliutangaza mwaka 2012, wa kuwahamisha Wakongo wapatao 50,000 kutoka nchi za Maziwa Makuu. Mwaka 2016 mambo yalikwenda kasi. Marekani ilipokea karibu wakimbizi 85,000 katika mwaka wake wa bajeti, na Wakongo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote. Sisi tulikuwa tumeshamaliza usaili wa maafisa wa uhamiaji na tumefanya medikali, yaani uchunguzi wa afya. Tukaanza kugawa vyombo. Januari 2017 rais mpya akasimamisha mpango mzima kwa muda, na hapo tukajifunza jambo ambalo kila mwenye kesi anapaswa kulijua: karatasi zako zina muda wa kuisha, na kila moja ina muda wake. Medikali inaisha, uchunguzi wa usalama unaisha, na wakati mnasubiri kimoja kifanywe upya, kingine kinakwisha. Tuliondoka mwanzoni mwa 2019. Kwa hiyo usiuze mashuka, usiache biashara, usimtoe mtoto shuleni, mpaka uone jina lako kwenye orodha ya safari na basi limeshafika.

Katika kipindi hicho nilijifungua mtoto wetu wa nne. Kuna waliotushauri tumfiche mpaka tufike, eti kesi isirudi nyuma. Hatukumficha, na kweli kesi ilichelewa, lakini nashukuru. Kila mtu asiyetajwa kwenye usaili anageuka kuwa tatizo baadaye. Ukiwa na mke, mume au mtoto ambaye hajaolewa wala kuoa na yuko chini ya miaka 21, na uhusiano huo ulikuwapo kabla hujaingia Marekani, unaweza kumwombea aje kukufuata kwa fomu I-730, ila ni lazima uipeleke ndani ya miaka miwili tangu ulipoingia. Kama hukumtaja tangu mwanzo, utatakiwa kueleza kwa nini. Nimekaa na mama mmoja kanisani kwetu akilia kwa ajili ya mtoto aliyemwandikisha kuwa wa dada yake ili kesi iende haraka. Huyo mtoto bado yuko kambini.

Kagueni pia majina na tarehe. Wazazi wetu wengi hawakuandika siku tuliyozaliwa, na makarani wakaweka tarehe 1 Januari. Katika jengo letu la Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa, karibu kila Mkongo mtu mzima ana siku hiyo moja ya kuzaliwa. Hilo unaweza kuishi nalo. Lakini jina la ukoo likikaa mahali pa jina la kwanza, au herufi moja ikipotea, benki, shule na kazini kila mmoja atakuita kivyake, na kuirekebisha baadaye ni safari ya miezi.

Kosa kubwa kwenye makaratasi yetu halikuwa la herufi. Mume wangu alipooa alijiandikisha kaya yake mwenyewe, kama ilivyo kawaida kambini, kwa sababu mgawo na kiwanja vinafuata kaya. Mama yake akabaki na namba yake. Kesi yetu ilipoitwa, mama mkwe hakuwamo. Ni mwanamke aliyembeba mume wangu mgongoni kutoka Fizi, na sasa tulikuwa tunamwacha akiwa na mjukuu mmoja wa kumchotea maji. Kama wazazi wenu wana kaya yao peke yao, ulizeni mapema, kabla ya usaili wa kwanza, kama kesi zinaweza kuunganishwa. Tulipouliza sisi tulikuwa tumeshachelewa.

Tulifika Iowa mwezi Februari, tukiwa na ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, wenye picha za kifua na karatasi zetu zote. Mtulize moyo mtakapoona theluji. Baridi inazoeleka. Yanayochosha ni makaratasi. Wakati wetu shirika lililokupokea lilikuwa na jukumu la siku 90 za mwanzo: lilikupokea uwanja wa ndege, lilikutafutia nyumba, vitanda, sufuria, lilikupeleka kuomba namba ya Social Security, liliwaandikisha watoto shule. Kulikuwa na fedha kutoka serikali, takriban dola elfu moja kwa kila kichwa, na wengi walidhani watakabidhiwa mkononi. Kumbe kodi ya nyumba, dhamana ya mwenye nyumba, magodoro na vyombo vyote vilitolewa humo humo. Ombeni muonyeshwe hesabu. Ni haki yenu, na hakuna atakayekasirika. Sisi tulipoonyeshwa tuliona kwamba pesa iliyobaki ilitosha mwezi mmoja na siku chache, na mume wangu akaanza kuuliza habari za kazi asubuhi ileile.

Mkataba wa nyumba ni wa mwaka mzima. Nimeona watu wakisikia kwamba kuna binamu Kentucky au Texas, wanafungasha mwezi wa tatu na kuondoka usiku. Deni la kodi linawafuata kwa jina, na wanapotaka kupanga nyumba nyingine wanakuta wameshaandikwa vibaya. Kama ni lazima uhame, zungumza na mwenye nyumba, na ndani ya siku 10 peleka anwani mpya kwa idara ya uhamiaji kwa fomu AR-11. Ni bure na inajazwa kwenye simu. Barua za uhamiaji haziulizi kama ulihama.

Kuhusu kazi nitaeleza kwa urefu, maana hapo ndipo ndugu waliobaki wanapodhani tunawaficha.

Mkimbizi ana ruhusa ya kufanya kazi tangu siku anayoingia. Iowa ina viwanda vya nyama, hasa ya nguruwe, na viwanda hivyo vinahitaji mikono. Vijana wa vijijini kwao huondoka kwenda miji mikubwa, wazee wanabaki, na laini ya kukata nyama haiwezi kusimama. Kabla yetu walikuwapo watu wa Asia ya Kusini-Mashariki, Wabosnia, Wamexico, Wasudan. Sisi ni zamu inayofuata. Mtu mmoja wa kanisani alikuwa na gari la watu kumi na watano, akichukua wafanyakazi saa tisa ya usiku, na kila mmoja alimlipa nauli ya wiki. Mume wangu aliingia kwenye gari hilo.

Alianza kwa dola 15 na nusu kwa saa. Tulipompigia mama mkwe kumweleza, jirani yake aliyekuwa amekaa hapo akapiga hesabu papo hapo: dola ilikuwa kama shilingi 2,300 za Tanzania, kwa hiyo mwanao anapata zaidi ya shilingi 35,000 kila saa. Habari ikazunguka kijiji chote cha kambi kabla ya jua kuzama. Tangu siku hiyo hatukuwa tena watu wa kawaida kwao.

Sasa hesabu nyingine. Saa 40 kwa dola 15 na nusu ni dola 620 kwa wiki. Asilimia 6.2 inakatwa kwa ajili ya Social Security, yaani pensheni ya serikali, na 1.45 kwa ajili ya Medicare, bima ya afya ya wazee, hiyo hakuna wa kuikwepa. Kisha kodi ya mapato, kisha bima ya afya ya familia, kisha buti na nauli ya gari. Kilichofika mkononi hakikufika 480. Nyumba ya vyumba vitatu ilikuwa dola 950 kwa mwezi, bila umeme. Msaada wa chakula tuliopewa mwanzoni ulipungua mara tu mshahara ulipoanza, kwa sababu unapimwa kwa kipato. Mwezi wa saba barua ya deni la ndege ikafika. Walipeni, hata kidogo kidogo, na mkishindwa pigeni simu kabla ya tarehe ili wapunguze kiwango. Malipo hayo yanajenga jina lako kwenye rekodi za mikopo, na bila rekodi hiyo hupati nyumba nzuri wala gari kwa bei ya haki. Ndugu mmoja aliyekosa rekodi alisainishwa mkopo wa gari lililotumika kwa riba kubwa mno. Gari lilikufa kabla ya deni, na aliendelea kulipa huku akipanda basi.

Kazi yenyewe ni ya kisu kimoja, mkato mmoja, maelfu ya mara, ndani ya baridi ya friji. Miezi ya mwanzo mume wangu aliamka na vidole vilivyojikunja, nikawa nampasha kwa maji ya moto mpaka vinyooke. Atakayekuja kwenye kazi hizi asikilize haya: ukiumia, hata kidogo, ripoti siku hiyohiyo na uombe nakala. Usiogope kwamba utafukuzwa. Asiyeripoti ndiye anayekosa matibabu. Saa zinazozidi 40 katika wiki zinalipwa mara moja na nusu kwa sheria ya nchi nzima, basi andika saa zako kwenye daftari na uzilinganishe na hati ya mshahara. Tulifanya hivyo, tukaona saa zimepungua kwenye wiki mbili. Msimamizi alizirudisha bila ubishi baada ya kuonyeshwa daftari.

Halafu ikaja korona. Aprili 2020 viwanda vya nyama vya Iowa vikawa sehemu za hatari kuliko karibu sehemu yoyote ya jimbo, maana watu husimama bega kwa bega. Rais alitoa amri tarehe 28 Aprili kwamba viwanda vya nyama viendelee kufanya kazi. Wiki iliyofuata jimbo likatangaza kwamba katika kiwanda cha Perry, mji mdogo ulio karibu na Des Moines, watu 730 walikuwa wamekutwa na virusi, asilimia 58 ya waliopimwa. Nchi ilikuwa inatuita wafanyakazi muhimu, na sisi tulikuwa tunazika watu kupitia simu. Mume wangu aliugua akapona. Rafiki yake waliyekaa kiti kimoja kwenye lile gari hakupona. Ninapowasikia watu wanasema wageni wanakuja kula jasho la wenyeji, namkumbuka yule kaka, na ninaumia.

Kiwanda hichohicho cha Perry kilifungwa Juni 2024. Kazi zipatazo 1,300 zilipotea katika mji wa watu wapatao 8,000. Wakongo waliokuwa wamenunua nyumba pale walijikuta na mkopo wa benki na hakuna kazi. Tulipofika mwaka 2019 hakuna aliyetuambia kwamba kiwanda nacho kinaweza kuhama, kwamba mtaji unavuka mipaka kirahisi kuliko sisi. Ndiyo maana ninamsihi kila mmoja: kazi ya kwanza ni mlango tu. Ndani ya mwaka wa kwanza ingia darasa la Kiingereza, hata la saa mbili kwa wiki. Ukitoka hapo tafuta cheti cha kazi inayoweza kufanyika mji wowote: unesi msaidizi, uchomeleaji, udereva wa malori. Mimi nilisomea unesi msaidizi nikiwa nasafisha vyumba vya hoteli, na leo natunza wazee kwenye nyumba ya kulelea. Wazee wa Iowa nao watoto wao wako mbali. Huwa nawaogesha nikimfikiria mama mkwe.

Hapo nimefika kwenye jambo la nyumbani. Kambini mume wangu ndiye aliyekwenda ofisini, ndiye aliyesema kwenye mikutano. Mimi nilipoanza kupata mshahara, benki ilinifungulia akaunti kwa jina langu bila kumwuliza yeye. Nilipoanza zamu ya usiku, yeye ndiye aliyebaki kupika ugali na kuwaogesha watoto. Wanaume wenzake walimcheka. Wengine walimwambia kwamba Marekani ni nchi ya wanawake na watoto, na mwanaume anakuja kufa heshima. Maneno haya si mchezo. Mwanaume aliyefanya kazi kuanzia usiku wa manane, ambaye mtoto wake wa darasa la tano anasoma barua ambayo yeye hawezi kuisoma, anaweza kuamini kwamba hana thamani tena, na akaanza kuitafuta kwa ubabe au kwa chupa.

Kilichotusaidia kilikuwa kukaa chini, watu wazima wawili, na kuyasema kwa sauti. Mzee mmoja wa kanisa alikuwapo, kwa maana sisi Wabembe hatuzoei kumaliza mambo mazito bila mtu mkubwa. Baba watoto alisema kinachomuuma: si kupika, ni kuambiwa mambo ya nyumba baada ya kwisha kuamuliwa. Nami nikasema changu: kwamba ninachoka, na pesa yangu inatumwa kambini kwa ahadi ambazo sikuzisikia zikitolewa. Tulikubaliana kwamba hakuna ahadi ya pesa inayotolewa kwenye simu mpaka wote wawili tumezungumza. Kwangu, mkutano ule ulifanya kazi kuliko semina zote tulizopewa kabla ya safari.

Watoto ni sura nyingine. Wao wanapata Kiingereza kwa miezi, sisi kwa miaka, na pengo hilo linawafanya wazazi wa wazazi wao. Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka 12 nilipompeleka kliniki ya wanawake ili anitafsirie. Daktari aliuliza mambo ya mimba zilizotoka na mambo ya kitandani, na mtoto wangu alikuwa anatafuta maneno huku machozi yanamtoka. Nilijiona nimemvua nguo mama yake mbele yake. Baadaye ndipo mfanyakazi wa kijamii aliponieleza: hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inalazimika kukupa mkalimani bila malipo, na hairuhusiwi kumtegemea mtoto isipokuwa kwenye dharura. Wakati ule shule, mahakama na ofisi za serikali zilikuwa vilevile. Jifunzeni kusema sentensi moja kabla ya kuondoka kambini: nahitaji mkalimani wa Kiswahili. Ukipewa wa simu na humuelewi, sema, watakupa mwingine.

Na fimbo. Iowa, mwalimu akiona alama kwenye mwili wa mtoto analazimika kisheria kuripoti. Familia tunayoifahamu ilitembelewa na maafisa wa jimbo kwa sababu ya mkanda, na miezi iliyofuata ilikuwa ya hofu nyumbani mwao. Watoto wakijua kwamba wazazi wanaogopa, baadhi yao hutumia hofu hiyo. Dawa tuliyoiona ni kwenda shuleni mara kwa mara wakati hakuna tatizo, kuwafahamu walimu kwa sura, ili mtoto ajue kwamba mzazi na mwalimu wanazungumza.

Sasa simu za kambini, ambazo ndizo zilizotaka kutumaliza. Mwanzoni tulituma kila tulipoombwa: dola 20 leo ya dawa, 30 Ijumaa ya msiba, 15 ya vocha. Kila utumaji una ada yake, na kiwango cha kubadilisha fedha nacho kinakula chake. Benki ya Dunia inasema kutuma dola 200 duniani kunagharimu wastani wa zaidi ya asilimia 6, na lengo la mataifa ni kushusha hadi 3 ifikapo 2030. Ukituma vipande vya 20, sehemu inayopotea ni kubwa zaidi. Upande wa pili, ndugu zetu wengi hawana laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lao, wanatumia ya mtu wa nje, kijijini Makere au Kasulu mjini, naye anachukua chake kabla ya kukabidhi. Dola 20 yetu ilikuwa inafika imekonda.

Mwaka 2019 tulikuwa hatujui kwamba sisi ni sehemu ya mto mkubwa namna hii. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, mwaka 2023 wahamiaji walituma dola bilioni 656 kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, kuliko misaada ya maendeleo. Naamini takwimu hiyo kwa sababu nimeona inavyotoka. Kati ya hizo zimo za wanawake wanaosafisha vyoo vya hoteli usiku.

Na mwaka huohuo wa 2023 WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilikosa fedha na mgawo kwenye kambi za Tanzania ukashushwa hadi nusu. Siku chache baadaye simu zetu hazikulala. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kuomba, aliniambia, "Mama, tumbo halijui kwamba mnalipa deni la ndege." Wafadhili wanapofunga mkono, pengo linajazwa na laini ya nyama ya Iowa, na hakuna ripoti inayoandika hivyo.

Tulichopanga ni hiki, na bado tunakifuata. Tunatuma mara moja kwa mwezi, tarehe ileile, dola 150, kwa mtu mmoja tunayemwamini, na mgawanyo wake unajulikana kwa wote: wa mama mkwe kwanza, kisha dada yangu na watoto wake. Dola 40 nyingine zinakaa kando kwenye bahasha kwa ajili ya ugonjwa na msiba, na zikiisha zimeisha mpaka mwezi ujao. Tuliwatumia ndugu picha ya hati ya mshahara na ya risiti ya kodi. Wengine walikasirika, wakasema tumekuwa wazungu. Shangazi mmoja hakuongea nasi karibu mwaka mzima, na iliniuma kweli. Lakini walioona makato kwa macho yao walianza kutuombea badala ya kutulaumu. Na kwa misiba mikubwa tuna kikundi cha Wabembe wa Des Moines, kila kaya inatoa dola 10 kwa mwezi, kuna mweka hazina na kitabu. Mtu akifiwa huku au kule hahangaiki peke yake. Anzisheni kikundi kama hicho mapema, kabla ya msiba wa kwanza.

Niseme pia ya uraia, kwa kuwa wengi wanaharibu hapo bila kujua. Baada ya mwaka mmoja unatakiwa kuomba grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa fomu I-485, na mkimbizi halipi ada. Kaa mbali na watu wanaojiita mawakili wa jumuiya na kutoza mamia ya dola kwa kujaza fomu hiyo. Mashirika ya wakimbizi yana wasaidizi walioidhinishwa. Miaka mitano ya kuomba uraia inahesabiwa tangu siku uliyoingia nchini, kwa hiyo tunzeni I-94 yenu, ile hati ya kuingia nchini, kama roho. Vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 25 lazima wajiandikishe kwenye Selective Service, orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini, hata kama hawajawa raia. Asiyejiandikisha huulizwa siku ya usaili wa uraia. Na mnapokwenda kuchukua leseni ya udereva, mtaulizwa kama mnataka kujiandikisha kupiga kura. Jibu ni hapana mpaka uwe raia. Watu wameitikia ndiyo kwa adabu tu, bila kuelewa swali, na wakajikuta hatarini kufukuzwa nchini.

Mume wangu aliapishwa kuwa raia mwishoni mwa 2024. Wakati huo kesi ya mama mkwe ilikuwa imeanza kutembea yenyewe: alikuwa ameitwa usaili wa kwanza. Tarehe 20 Januari 2025 mpango wa kupokea wakimbizi ukasimamishwa tena, na kuna familia tunazozifahamu ambazo zilikuwa zimeshapewa tarehe ya ndege. Baba watoto hakula siku hiyo. Kesho yake tulikwenda kwa msaidizi wa kisheria, na tukajua kwamba raia anaweza kumwombea mzazi wake kwa njia ya familia, fomu I-130, ambayo haipiti kwenye mpango wa wakimbizi kabisa. Ada wakati ule ilikuwa dola 675 kwa karatasi, 625 ukijaza kwa intaneti. Kinachotakiwa ni kuthibitisha kwamba ni mama na mwana.

Na hapo ile namba ya kaya ya kambini ikarudi kutusumbua. Cheti cha kuzaliwa hakuna, ofisi ya Fizi iliungua na vita. Tulichopata ni kadi ya zamani ya mgawo ya mwaka ambao mume wangu alikuwa bado kwenye kaya ya mama yake, ambayo mama mkwe aliihifadhi ndani ya Biblia, na hati za viapo kutoka kwa wazee wawili waliovuka nao ziwa. Msaidizi alisema huenda tukaombwa vipimo vya DNA pia, na gharama zake ni zetu. Tumeshaanza kuziweka kando kwenye ile bahasha ya dharura. Kwa hiyo enyi mlioko kambini, kadi ya mgawo ikibadilishwa msiitupe ile ya zamani. Ipigeni picha pande zote mbili, muitume kwa ndugu aliye nje, na karatasi yenyewe muifunge kwenye nailoni, mbali na mvua na panya.